Pikipiki ya Kupanda Amani na Kufika Arusha: Nichague Ipi?

SWALI

Mzee wangu, shikamoo.

Mimi ni mpima ardhi mwenye umri wa miaka 38, na ninaishi hapa Tanga mjini, Chumbageni, pamoja na mke wangu na watoto wetu wawili. Kazi hunitoa mjini siku tatu katika kila wiki, wakati mwingine nne. Ninapima mashamba ya watu katika vijiji vya Muheza na Mkinga, na zaidi ya kote huko juu Amani, kwenye milima ya Usambara, ambako barabara ikishanyeshewa huteleza kama imepakwa sabuni. Njiani huwa peke yangu, vifaa vya kupimia vikiwa vimefungwa kwenye keria. Msaidizi ninamkuta kijijini.

Mara mbili kwa mwaka mimi na mke wangu huenda Arusha kwa wazazi wake. Tangu tuoane tumekuwa tukipanda basi, lakini mwaka huu yeye mwenyewe ameleta wazo kwamba twende kwa pikipiki, tulale Lushoto njiani, na tusimame pale tunapopenda. Wazo hilo limenifurahisha kuliko ninavyoweza kueleza, na ndilo lililonifanya nianze kutafuta chombo kingine.

Kwa miaka sita nimetumia Boxer ya cc 150, na sina neno baya juu yake, kwa kuwa imenilisha mimi na familia yangu. Hata hivyo, nilipoipeleka hadi Same mwaka jana, nikiwa peke yangu, injini ililia kwa sauti ya juu njia nzima, mabasi yalinipita kwa upepo uliotaka kunitoa barabarani, na nilipofika mikono ilikuwa imekufa ganzi hata sikuweza kushika kikombe cha chai sawasawa.

Rafiki yangu mmoja ana pikipiki kubwa ya Kijerumani yenye injini ya cc zaidi ya 1,200. Ananishauri ninunue ya namna hiyo hiyo, akisema kwamba ndiyo iliyozaliwa kwa safari. Aliniazima Jumamosi moja nipande nayo Amani. Kwenye lami hadi Muheza nilijiona kama nimekaa kwenye kochi. Huko juu, kwenye kona moja katikati ya mashamba ya chai, nilisogea pembeni ili kulipisha lori, nikashusha mguu wa kushoto, na mguu haukufika chini. Pikipiki ililala taratibu upande wa mfereji, nami nikalala nayo. Sikuumia, ila kwa karibu nusu saa nilihangaika kuinyanyua bila mafanikio, hadi wachuma chai wawili walipoweka vikapu vyao chini wakaja kunisaidia. Urefu wangu ni sentimita 166 na uzito wangu ni kilo 64.

Rafiki wa pili, ambaye ni bwana shamba mstaafu, anasema kwamba kwa njia zetu hakuna kuzidi Honda XL 125, ile waliyokuwa wakipewa kazini enzi zao. Mke wangu ametusikiliza tukibishana jioni nzima, kisha akauliza jambo moja tu: yeye atakaa wapi? Akiba niliyonayo inatosha kununua pikipiki moja iliyotumika yenye hali nzuri, si mbili. Naomba mwongozo wako.

Mpima Ardhi, Chumbageni, Tanga

JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa lile anguko. Umenieleza mengi, lakini maneno yaliyobeba karibu jibu lote ni yale uliyoyaandika kana kwamba unapita tu: mguu haukufika chini. Watu wanaochagua pikipiki ya safari huanza na injini, kisha nguvu, kisha rangi, na urefu wa kiti huukumbuka siku wanapoangukiwa. Wewe umeshaangukiwa kabla ya kulipa, na kwa hilo rafiki yako aliyekuazima amekufaa kuliko anavyojua.

Tutazame kwanza kilichotokea pale konani. Barabara ya mlimani ina mgongo katikati na mfereji pembeni, kwa hiyo ukisogea kupisha gari, ardhi iliyo upande wa mfereji huwa chini ya ile unayoikanyaga kwa tairi, wakati mwingine kwa shubiri nzima. Kiti ambacho kwenye sakafu ya sementi ungekifikia kwa ncha za vidole, pale kinakuwa kirefu kupita uwezo wa mguu wako. Pikipiki kama BMW R 1250 GS, ambayo nadhani ndiyo aliyonayo rafiki yako, kama si nyingine ya ukoo huohuo, ina uzito wa kilo 249 ikiwa imejazwa mafuta, na kiti chake cha kawaida kiko milimita 850 kutoka chini. Ikisimama wima haina shida yoyote. Ikishainama kidogo tu, mtu wa kilo 64 hana tena cha kuizuia, hata awe na mikono ya mvuvi. Sikuambii haya ili kukudharau. Mimi mwenyewe nina urefu unaokaribiana na wako, na niliwahi kukaa chini ya mti pale njia ya Amani nikisubiri mtu yeyote apite anisaidie.

Rafiki yako hakukosea aliposema kwamba pikipiki hizo zimezaliwa kwa safari. Mwaka 1980 BMW walitoa R 80 G/S, ambayo herufi zake mbili zilimaanisha njia ya mashambani na barabara, na mwaka uliofuata pikipiki ya aina hiyo ilishinda mbio za Paris–Dakar. Jambo ambalo wengi hawalitaji ni kwamba mama huyo wa ukoo mzima alikuwa na uzito usiofika kilo 200. Wajukuu wake wamenenepa kwa sababu wanunuzi wao wengi wanaishi kwenye barabara ndefu za lami za Ulaya na Marekani, ambako nguvu za farasi 136 zina mahali pa kutumika. Kutoka Segera hadi Arusha utazitumia wapi? Kila kijiji kina kibao cha kilomita 50 kwa saa, kina matuta yake, na aghalabu kina askari wa usalama barabarani. Pikipiki yenye uwezo wa kwenda kilomita 90 kwa saa bila kuhangaika, ikiwa na nafasi kidogo ya kulipita lori, inakutosha kabisa, na ile inayoweza kwenda 200 haitakufikisha kwa wakwe mapema.

Bwana shamba naye nimemwelewa vizuri, maana niliendesha Yamaha DT 125 ya mradi katika vijiji vya Usambara miaka ya 1990, na hadi leo nikisikia harufu ya moshi wa injini ile hukumbuka iliki mbichi. Pikipiki nyepesi za namna hiyo, pamoja na XL anayoisifu, zilijengwa kwa akili: gurudumu la mbele kubwa na jembamba, injini inayopozwa kwa hewa tu, na mpangilio ambao fundi yeyote anauelewa. Ukianguka, unasimama, unaishika usukani na keria, unaiinua, unaendelea. Upungufu wake wewe umeshaukuta njia ya Same. Injini ndogo ikilazimishwa kukaa kwenye mwendo wake wa juu kwa saa nzima nzima hutetema hadi mikono ikafa ganzi, hupata joto kupita kiasi, na haina akiba yoyote pale unapotaka kulipita lori kwa haraka ukarudi upande wako. Ukimweka mke wako nyuma na begi juu ya keria, hali itakuwa mbaya zaidi. Cc 125 ni pungufu ya zile 150 zilizokuchosha.

Sasa nikuombe ufanye hesabu ambayo wewe, kwa kazi yako, utaifanya vizuri kuliko mimi. Siku tatu kila wiki ni siku zisizopungua 140 kwa mwaka ukitoa likizo na siku za kuugua. Safari mbili za Arusha, kwenda na kurudi, hata mkilala njiani, ni siku nane. Ndoto ya Arusha ndiyo iliyokufanya uandike barua hii, na ni ndoto njema, lakini chombo utakachonunua kitaishi Amani. Kwa hiyo ni lazima kiwe kile unachokimudu ukiwa peke yako kwenye tope, na kwenye lami kiwe kinachovumilika tu, hata kama si kinachopendeza. Ukigeuza mpangilio huo utafurahi siku nane na kuogopa siku 140.

Kama mke wako asingekuwa anasafiri nawe, ningekuambia bila kusita utafute Yamaha Serow ya cc 250 iliyotumika kutoka Japani. Ina uzito wa kilo 130 na ushei tu, kiti chake kiko kwenye milimita 830, na wembamba wake unamfanya mtu mfupi aikanyage ardhi bila taabu. Ila kwa watu wawili na mzigo, kutoka Mombo hadi Arusha, itakuwa inakokota, na sehemu ya abiria ni finyu. Swali la mke wako, kwamba atakaa wapi, ni la kiufundi sawasawa na swali lolote la injini, na limeiondoa Serow mezani.

Honda CRF300L nayo inasifiwa sana, na kwa haki. Ina kilo 142, na shokapu zake zinameza shimo ambalo Boxer yako ingelipigia kelele. Lakini kiti chake kiko milimita 880 kutoka chini, na tangi lake linachukua lita 7.8 tu. Ndugu yake iitwayo Rally ina tangi la lita 12.8 na kinga ya upepo mbele, ambayo ungeipenda sana kwenye tambarare zilizo chini ya milima ya Upare, ambako upepo wa pembeni humsukuma mwendeshaji kama mkono wa mtu. Kiti chake, hata hivyo, ni kirefu zaidi kidogo. Yamaha Ténéré 700, ambayo vijana wengi wanaiota, ina kiti cha milimita 875 na uzito wa kilo zaidi ya 200. Ni pikipiki bora mno, na ingekuwa yako kama ungekuwa na sentimita 180.

Ukitoa zilizo ndefu, ukatoa zilizo nzito, ukatoa zisizoweza kubeba wawili, mlango uliobaki ni mwembamba. Kwa maoni yangu anayepita hapo vizuri kuliko wengine ni Royal Enfield Himalayan, ile ya kwanza yenye cc 411 iliyotoka mwaka 2016. Kiti chake kiko kwenye milimita 800. Tangi ni la lita 15, na kwa mwendo wa utulivu lita moja husogea kilomita 28 hadi 30, kwa hiyo unaweza kutoka Tanga ukafika Moshi bila kufungua mfuniko. Gurudumu la mbele ni la inchi 21, na hilo lina maana kubwa: gurudumu kubwa hupanda juu ya ukingo wa shimo, wakati dogo hutumbukia na kugonga. Magurudumu yake ni ya spoki, na jiwe likiyapinda fundi anayanyoosha, tofauti na ringi za kumwagwa kipande kimoja, zisizo na spoki, ambazo zikipata ufa huwa zimekwisha.

Udhaifu wake pia uujue kabla hujalipa. Nguvu yake ni ya farasi 24 na ushei tu, na mkiwa wawili na mzigo kwenye mlima wa kutoka Mombo kwenda Lushoto utashusha gia mara nyingi na kupanda polepole. Injini yake, hata hivyo, imepangwa kutoa msukumo wake ikiwa kwenye mzunguko wa chini, na hiyo ndiyo tabia unayoihitaji kwenye tope, ambako anayekanyaga mafuta kwa nguvu hufukia gurudumu la nyuma. La pili ni uzito: ina karibu kilo 199 ikiwa na mafuta. Sitakudanganya kwamba hizo ni chache. Ni kilo 50 pungufu ya ile iliyokulaza, na zimekaa chini zaidi, lakini bado itabidi ujifunze namna ya kuinyanyua, na nitakueleza hapa chini. Ile mpya ya cc 452, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 2023, ina nguvu ya farasi 40 na ingewabeba wawili kwa raha zaidi. Ila inapozwa kwa maji, ina rejeta ya kulindwa na mawe na vifaa vingi zaidi vya umeme, na kiti chake kimepanda hadi milimita 825. Kwa kazi yako na kwa akiba yako ningebaki na ile ya zamani.

Kabla ya kuifuata, fanya jambo ambalo wanunuzi wengi hulifanya wakiwa wamechelewa. Nenda kwa fundi unayemwamini, si muuzaji, umwulize juu ya vitu vitano tu: filta ya oili, pedi za breki, sahani za klachi, waya wa klachi, na cheni pamoja na sproketi zake. Akuambie kila kimoja kinapatikana wapi na kwa siku ngapi. Boxer imekuzoesha kupata spea dukani palepale mtaani kwenu, na pikipiki ya kigeni kwa soko letu haitakuwa hivyo. Vile vinavyoagizwa Dar es Salaam au nje, nunua seti moja siku ileile unaponunua pikipiki, uviweke kabatini. Fedha hizo zitoe kwenye akiba mapema. Ikiwa baada ya kuzitoa, fedha iliyobaki haitoshi kununua pikipiki, tafuta iliyotembea zaidi kidogo yenye hali nzuri, wala usiiguse bajeti ya spea.

Isipokuwa zile za mwanzo kabisa, pikipiki hii haina kabureta. Mafuta husukumwa na pampu iliyo ndani ya tangi. Faida yake ni kwamba injini hujirekebisha yenyewe ukitoka usawa wa bahari hapa Tanga hadi mita zaidi ya 1,000 huko Lushoto. Hatari yake ni uchafu. Yale mafuta ya chupa yanayouzwa vijijini kwenye meza za mbao, ambayo Boxer huyanywa na kukohoa kidogo tu, yakiwa na maji au mchanga yanaweza kuiua pampu hiyo. Jaza tangi Muheza kila unapopanda, na ikikulazimu kununua ya chupa, iinue chupa juani kwanza utazame chini: maji hukaa chini ya petroli na kuonyesha mstari. Beba pia kitambaa safi cha kuchujia.

Kwa kuwa unaishi Tanga, nikukumbushe na chumvi. Upepo wa bahari unaoingia Chumbageni na Raskazone hula vichwa vya spoki, plagi za waya na boliti kimyakimya, na mtu hugundua siku spoki inapokatika. Ioshe kwa maji yasiyo na chumvi kila wiki, hasa ukitoka kwenye kazi za mwambao wa Mkinga, kisha pangusa cheni na uipake oili ikiwa bado ina joto.

Suala la tairi nitalipitia haraka. Chagua zenye meno ya wastani, ambazo zinashika tope na bado hazilii kwenye lami. Ukianza kupanda kwenye utelezi, punguza upepo kwa paundi sita au saba kutoka kiwango kilichoandikwa kwenye pikipiki, usizidishe, kwa sababu ndani kuna tyubu, na tairi laini likigonga jiwe tyubu hubanwa na ringi ikatoboka matundu mawili kwa mpigo mmoja. Beba pampu ya mkono, viraka, tyubu moja ya mbele na vyuma viwili vya kufungulia tairi, na ufanye zoezi la kuziba pancha nyumbani kabla hujalifanya porini.

Sasa mke wako. Mpeleke akaikalie pikipiki kabla hujakubaliana bei, kwa muda usiopungua nusu saa, mkiwa barabarani. Kiti cha nyuma cha Himalayan ni kipana na sehemu za kukanyagia abiria ziko chini kiasi kwamba magoti hayapandi kifuani, lakini mwamuzi ni yeye, na akisema hapana, basi ni hapana. Mnunulie kofia ngumu inayofunika uso wote na inayomkaa sawasawa, yake mwenyewe, si ile ya akiba inayozungukazunguka kichwani. Mzigo mzito ukae kwenye mifuko ya pembeni, chini, na juu ya keria muweke nguo tu, kwa maana mzigo ulio juu na nyuma hulifanya gurudumu la mbele liwe jepesi na usukani uanze kucheza kila lori linapowapita. Shokapu ya nyuma ina pete ya kukazia springi. Ikaze hatua kadhaa mkiwa wawili, uilegeze mkirudi. Siku ya kwanza ishieni Lushoto kama alivyotaka. Siku ya pili tokeni asubuhi mapema, kabla upepo wa tambarare haujaamka, na simameni kila baada ya saa moja na nusu, hata kama hakuna aliyechoka.

Ukishapata ya kununua, linganisha namba ya chesisi na ya injini na zile zilizo kwenye kadi, kisha omba uikute injini ikiwa baridi, maana muuzaji aliyeiwasha kabla hujafika anaweza kuwa anaficha tatizo la kuwaka. Pangusa kwa kidole vyuma vya shokapu za mbele; kidole kikitoka na oili, sili zimechoka. Inua gurudumu la mbele na uzungushe usukani polepole: ukihisi mahali unaponasa katikati, beringi za kichwa cha usukani zimeliwa. Halafu chukua spana ndogo, uchuchumae kando ya gurudumu, ugonge spoki moja moja kwa wepesi, ukilizungusha gurudumu kwa mkono mwingine. Spoki iliyokaza hulia kama kengele ndogo. Iliyolegea hutoa sauti butu, kama umegonga mti. Moja au mbili butu ni kazi ya fundi ya dakika chache. Zikiwa nyingi upande mmoja, gurudumu hilo limepigwa na kitu kikubwa, na una haki ya kuuliza kitu hicho kilikuwa nini.

Jaribio la mwisho ndilo lenye uzito kwangu kuliko yote, na muuzaji wa kweli hatakukatalia. Mwombe mwende kwenye nyasi, muilaze pikipiki kwa ubavu, kwa upole, mkiwa wawili. Kisha mwambie akae kando. Hakikisha injini imezimwa na gia imeingia ili isibingirike. Ikiwa imelala upande wa kulia, fungua kwanza stendi ya pembeni ili isije ikapitiliza upande wa pili. Ugeuze usukani wote hadi mwisho kuelekea ardhini. Uipe pikipiki mgongo, ukae chini makalio yakigusa ukingo wa kiti, mkono mmoja ushike mkono wa usukani ulio karibu na ardhi na mwingine ushike chuma cha keria, mikono ikiwa imenyooka na mgongo umenyooka. Usiivute kwa mikono hata kidogo. Sukuma kwa mapaja, ukirudi nyuma kwa hatua fupifupi, nayo itainuka mgongoni kwako kama mlango mzito unaofunguka. Fanya hivyo, pumzika, rudia, pumzika, urudie tena, kwa sababu Amani haikuangushi mara moja tu kwa siku ya mvua. Ikiinuka mara zote tatu ukiwa bado una pumzi ya kuzungumza bei, zungumza bei. Ikikushinda mara ya tatu, msaidiane kuisimamisha, mshukuru mwenyewe, na umwambie kwamba bado unatafuta.